Sura ya Tisa: Kisima Namba Nne

Kwinini, dawa ya malaria, ilikuwa bado inamvuma Inspekta Mbula masikioni. Daktari alikuwa amemwambia apumzike nyumbani mpaka Jumatatu, naye akaitikia kwa adabu, kama anavyomwitikia kila mtu anayemwambia apumzike, kisha akavaa viatu vyake na kutoka. Basi tangu asubuhi mji wa Voi ulikuwa unamfikia kwa mbali. Malori ya barabara kuu yalipita bila kelele, watu walifumbua midomo na maneno yakachelewa kufika, na mlima wa Sagalla ulisimama juu ya mapaa ya mabati ukicheza kidogo kwa joto. Mbula hakuuchukia ulimwengu huo. Ulikuwa na upole ambao ule wa siku zote haukuwa nao.

Ofisi ya kampuni ya Jiwe Jekundu ilikuwa nyuma ya maduka ya vitambaa, jengo jeupe lililopakwa vumbi jekundu na upepo hadi usawa wa madirisha. Kwenye baraza alikuwa ameketi mwanamke aliyejitanda leso, miguu ameikunja, chupa ya maji iko kando yake na hajaifungua. Huyo alikuwa Ngina, mke wa dereva Ndulu. Hii ilikuwa siku ya tatu tangu mumewe apotee, na siku ya tatu ya Ngina kukaa hapo.

"Umekula?" Mbula alimuuliza kwa Kikamba, lugha yao wote wawili.

"Wanasema ametoroka na mawe," Ngina alijibu, kana kwamba hilo ndilo aliloulizwa. "Dada, Ndulu huniaga hata akienda msalani. Leo ndio atoroke nchi bila kuniaga?"

Mbula alijikuta karibu acheke, akajizuia. "Kaa hapo hapo. Nikikutaka nitakuita."

"Niende wapi?" Ngina alisema.

Ndani, meneja Kituku alikuwa anamngoja amesimama, mikono kiunoni, mtu ambaye kesi yake imekwisha na anashangaa polisi bado wanataka nini. Na kwa kweli, ukiitazama kesi kwa haraka, ilikuwa imekwisha. Siku ya Jumanne, Ndulu aliondoka na gari namba sita, Landrova, kwenda Kishushe kukusanya mawe ya thamani ya kijani kutoka kwa wachimbaji. Madereva wa Jiwe Jekundu hujichagulia njia, kwa sababu wachimbaji wenyewe huhamahama. Wanachotakiwa ni kimoja tu: wakifika karibu na kisima chochote cha kampuni, waite ofisi kwa redio, waseme gari gani na kisima gani. Mchana ule Ndulu aliita. Kisima namba nne, ndivyo ilivyoandikwa. Baada ya hapo hakusikika tena.

Jana Mbula mwenyewe, homa ikiwa haijamtoka, alikwenda mpaka kisima cha nne. Alikuta punda wanakunywa maji na vumbi ambalo halijaguswa na gurudumu. Mchunga mbuzi aliyekuwa pale alimwambia hajaona gari tangu mvua iishe. Halafu asubuhi ya leo mtu akapiga simu kutoka Mata, kule mpakani upande wa Taveta, kwamba ameona Landrova kama ile ikielekea Tanzania. Mkubwa wa Mbula hakungoja chai ipoe. Alichukua gari la pekee la kituo akaenda Mata.

"Afande, wewe unajisumbua bure tu," Kituku alisema. "Hii maneno iko wazi. Alisema yuko nne ndio tumtafute huko, na yeye alikuwa kwa njia ya Taveta. Landrova ni ngapi huku? Hiyo ya Mata ni yangu."

"Landrova ni nyingi sana huku, Bwana Kituku. Nani alimsikia akisema nne?"

"Mama Wakesho, wa redio."

"Basi nitaongea na Mama Wakesho."

"Huyo mama amezeeka." Kituku alishusha sauti kidogo, si sana. "Lakini mashine haijazeeka. Mashine iliandika nne."

Chumba cha redio kilikuwa na pazia la kufuma dirishani, feni iliyozunguka polepole, redio yenyewe juu ya meza, na kando yake ile mashine: kompyuta iliyoletwa mwanzoni mwa mwezi, maandishi yake ya kijani yakielea kwenye kioo cheusi. Mbula aliyatazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kwa dawa iliyokuwa kichwani mwake, herufi zile zilionekana kupumua.

Mama Wakesho alikuwa mwanamke wa Kitaita mwenye miwani ya kamba, aliyepiga chapa katika ofisi za watu tangu Mbula hajaanza shule. Karibu naye alisimama Fawaz, kijana wa wale wenye duka la vyombo hapo mjini, aliyesomea kompyuta Mombasa na kurudi na programu yake kichwani. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Mama, Jumanne ulisikia nne?"

"Nilisikia nne."

"Ulisikia, au ulisoma kwa mashine?"

Mama Wakesho alimtupia jicho Kituku mlangoni, kisha akatazama mikono yake. Mbula aligeuka kwa tabasamu zuri.

"Bwana Kituku, nimemeza dawa na tumbo tupu. Chai inaweza kupatikana?"

Kituku hakupenda, lakini huwezi kumnyima mgonjwa chai. Nyayo zake zilipofifia, Mama Wakesho alivuta pumzi.

"Mimi namba sizishiki, mwanangu," alisema. "Zinaingia kwa sikio zinatoka kwa vidole. Nikishapiga zimeshaniacha. Ndio kazi yangu miaka yote, ukianza kufikiria unakosea. Na siku hiyo redio ilikuwa inakwaruza. Mwisho wake kulikuwa na nne, hiyo najua. Mbele ya nne kama kulikuwa na kitu, siwezi kuapa. Nikaangalia kioo, kikaniambia nne. Nikasema, basi, mashine imesikia vizuri kuliko mimi."

"Visima viko vingapi?"

"Thelathini na kitu," Fawaz alijibu. "Kuna nne, kuna kumi na nne, ishirini na nne, thelathini na nne. Kila kimoja kiko upande wake. Kuvizunguka vyote kwa njia zile, afande, ni siku nyingi."

Mbula alikalia kiti. Mtu porini siku ya tatu, kwa jua lile. Siku nyingi hazikuwepo. "Nifundishe mashine yako inavyofanya kazi," alisema. "Polepole. Leo niko mzito."

Fawaz alianza kueleza, na kadiri alivyoeleza uso wake ulichangamka, kwa sababu alikuwa anaipenda kazi yake. Dereva anasema, Mama anapiga sentensi nzima kama alivyoisikia: gari fulani, kisima fulani, na maneno mengine yoyote. Programu inaipitia sentensi ile herufi moja baada ya nyingine.

"Ni kama kuchambua mchele," alisema. "Ikikuta tarakimu, yaiweka. Ikikuta herufi ama nafasi, yaitupa. Tarakimu zikifuatana zafanya namba moja. Namba ya kwanza ni ya gari, ya pili ni ya kisima. Mwisho kwenye kioo wabakia na namba zako mbili safi."

"Na kama haikuona namba?"

"Yaandika sifuri."

"Na maneno yanaenda wapi?"

"Hayawekwi. Diski ni ndogo."

"Kwa hivyo maneno ya mwisho ya Ndulu mmeyatupa."

Mama Wakesho alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso, ingawa haikuwa na uchafu.

"Simlaumu mtu," Mbula alisema. "Nataka kujua tu. Hiyo sifuri, imewahi kutokea?"

"Imetokea. Mara tatu hivi mwezi huu. Ni redio hizi, zakatika."

"Au ni mimi," Mama Wakesho alisema. "Bwana Kituku alisema ni mimi. Alisema ikitokea tena nipumzike nyumbani."

Mbula aliomba kuona sifuri mojawapo. Fawaz alibonyeza vitufe, safu za namba zikapanda kwenye kioo, na hapo palikuwa na moja, ya Jumanne ile ile: gari namba mbili, kisima sifuri. Gari namba mbili lilikuwa bado lipo Kishushe na dereva wake, mtu anayeitwa Kaloki. Mama Wakesho alimwita kwa redio. Sauti ya Kaloki ilikuja kutoka mbali sana, ikiwa imevaa upepo.

"Muulize siku hizi tatu amelala kisima gani," Mbula alisema. "Siku moja moja. Na wewe Fawaz unisomee mashine inasema nini."

"Jumanne nilikuwa kumi na moja," Kaloki alisema, kisha neno la kuachia zamu redioni. "Ova."

"Sifuri," alisoma Fawaz.

"Jumatano ishirini na moja. Ova."

"Mbili."

"Jana ishirini na nne. Nikaongea na Mama mwenyewe. Ova."

"Ishirini na nne," Fawaz alisoma, na safari hii sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mbula alifumba macho. Namba zilikuja zikasimama mbele yake, za kijani, bila haraka. Kumi na moja imekuwa hakuna kitu. Ishirini na moja imekuwa mbili. Ishirini na nne imebaki ishirini na nne. Alizitazama mpaka zikamwambia.

"Mashine yako haioni moja," alisema.

"Haiwezekani, afande. Nimeijaribu." Fawaz alivuta kibodi na kupiga sentensi: gari 2, kisima 11. Alibonyeza kitufe kikubwa cha kulia na maneno yakatoweka. Ikabaki mbili, ikabaki kumi na moja. Alirudia. Kumi na moja. "Waona? Programu haina neno."

"Mama, hebu piga wewe. Maneno yale yale."

Mama Wakesho alisogea. Vidole vyake vilipita juu ya kibodi kwa wepesi uliomfanya Mbula atamani avitazame siku nzima. Kwenye kioo sentensi ilikuwa ile ile. Kisha kitufe kikubwa, na maneno yakatoweka.

Gari mbili. Kisima sifuri.

Mama Wakesho alijaribu tena, polepole zaidi. Sifuri. Fawaz akapiga, kumi na moja. Mama akapiga, sifuri. Kituku alikuwa amerudi na trei ya chai, akasimama nayo mlangoni.

"Si niliwaambia?" alisema. "Ni mama."

"Weka chai hapo, Bwana Kituku, asante." Mbula hakugeuka. Tangu mwanzo wote wamekuwa wakitazama kioo, na yeye pia, kwa kuwa kioo kinapendeza. Sasa alisogeza kiti akakitazama kibodi. "Mama, mara ya mwisho. Usitazame kioo, na mimi sitazami. Piga tu."

Vidole vilikwenda. Kwa mbili, kidole cha mkono wa kushoto kilipanda juu mpaka mstari wa namba. Kwa moja, hakuna kilichopanda. Kidole kimoja cha mkono wa kulia kiligonga pale pale kilipokuwa kimepumzika, mara mbili.

"Mama," Mbula alisema taratibu, "moja yako iko wapi?"

"Hii hapa." Mama Wakesho aligusa kitufe. Juu yake palikuwa na herufi ya ele, ile ambayo ikiandikwa ndogo, l, hufanana na moja.

"Na hii ya juu, kabla ya mbili?"

Mama Wakesho aliinama akaitazama kama mtu anayeonyeshwa mlango katika nyumba aliyoishi muda wote. "Hiyo sijawahi kuigusa. Taipureta yangu haikuwa nayo. Zile za zamani zinaanzia mbili. Tulifundishwa hivyo sote: ukitaka moja, piga ele ndogo. Kwa karatasi ni moja, hakuna mtu anaweza kuzitofautisha."

"Lakini hiyo ni herufi, Mama," Fawaz alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa ameshika kichwa. "Kwa jicho ni moja. Kwa programu ni herufi kama herufi nyingine. Yaitupa. Mimi nilikufunza kuwasha na kuzima, sikukuuliza wapigaje moja. Nani amuuliza mtu hilo?"

"Tutalaumiana baadaye," Mbula alisema. Kizunguzungu kilikuwa kimemtoka kidogo, na sauti yake sasa ilikuwa ya ofisini. "Nne imebaki peke yake. Mbele yake kulikuwa na nini? Fikiri, Fawaz."

"Ingekuwa ishirini na nne, mbili ingebakia. Thelathini na nne, tatu ingebakia." Alihesabu kwa vidole. "Ni nne yenyewe, ama ni kumi na nne."

"Nne yenyewe nimetoka huko jana. Mama, mwite Kaloki."

Kaloki alisikiliza, redio ikavuma, kisha akajibu. "Kumi na nne naijua. Ni ile mpya, huko nyuma ya vilima. Hakuna mtu anaenda huko. Ova."

"Ina maji?" Mbula aliuliza mwenyewe.

"Maji iko chini. Lakini juu wamefunika na chuma, wamekaza na bolti. Pampu bado haijakuja. Ova."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kama Ndulu alikuwa pale, alikuwa ameketi juu ya maji kwa siku tatu na asiweze kuyafikia. Mbula aligeuka kuona kama kuna mwingine aliyelielewa hilo, na akamwona Ngina amesimama nyuma ya Kituku, leso imemdondoka begani. Alikuwa amesikia yote.

"Kaloki, nenda sasa hivi. Acha chochote unachofanya."

"Hiyo gari iko na kazi yangu," Kituku alisema.

"Sasa ina kazi yangu," Mbula alimjibu, na hakupaza sauti. "Na ukitaka kuwa na faida, nenda ofisini kwako upige simu Mata. Mtafute mkubwa wangu popote alipo, umwambie hakuna mwizi."

"Na kama hayuko huko kumi na nne?"

Kituku hakwenda kupiga simu.

Walingoja. Chai ilipata ngozi juu. Ngina aliingia akakaa sakafuni, mgongo ukutani, na hakuna aliyemwambia kuna kiti. Pazia lilijaa upepo likashuka, likajaa tena, na mwanga wa alasiri uliopita kwenye matundu yake ukatembea pole pole juu ya meza, juu ya mikono ya Mama Wakesho, mpaka ukafika ukutani. Fawaz aliinamia kibodi akiongeza mstari mmoja kwenye programu yake, kwamba ele isiyo ndani ya neno ihesabiwe ni moja, akafuta, akaandika upya. Mbula alihisi usingizi wa dawa ukimchukua na kumrudisha. Safari moja alipofumbua macho alidhani amemwona Ndulu, ambaye hajawahi kumwona, ameketi kwenye baraza akifungua ile chupa ya maji. Aliogopa. Alikuwa amepeleleza vifo vingi na alijua jinsi akili inavyomtayarisha mtu.

Redio ilikwaruza.

"Ofisi, ofisi. Hapa gari mbili." Kaloki alikuwa anahema. "Niko kumi na nne. Gari sita iko hapa. Ekseli imekatika, betri imekufa."

Alisahau kusema ova. Mama Wakesho alibonyeza kitufe cha kipaza sauti na kuuliza lile ambalo hakuna mwingine aliyethubutu. "Na mtu?"

Upepo ulivuma kwenye redio kwa muda usiopimika.

"Mtu yuko. Alikuwa amelala chini ya gari. Yuko hai. Amekunywa maji ya rediata ya gari mpaka ikaisha. Mdomo imepasuka, kuongea ni shida, lakini yuko hai. Ova."

Fawaz alisema alhamdulillahi na kukaa chini. Mama Wakesho alilia waziwazi, bila kujificha, miwani ikiwa bado iko usoni. Mbula aliona furaha ikimpanda na akaiacha ipande.

"Muulizeni mawe," Kituku alisema. Alikuwa amesogea mpaka kwenye meza na kunyoosha mkono. "Muulizeni mawe iko wapi."

Mama Wakesho alikuwa amemtii mtu huyu, na mabosi waliomtangulia, maisha yake yote. Alivuta kipaza sauti kifuani kwake.

"Redio ina mtu, bwana," alisema. Akamgeukia mwanamke aliyekuwa sakafuni. "Njoo, mama. Bonyeza hapa ukiongea."

Ngina alikuja. Alikishika kwa mikono yote miwili, akabonyeza.

"Ndulu," alisema. "Ni mimi. Usijibu. Kunywa kidogo kidogo, usinywe kwa pupa." Halafu akabaki amekibana vile vile, akisikiliza kwa nguvu zake zote, wala redio haikusema kitu, kwa sababu anayebonyeza hawezi kusikia. Mama Wakesho alielewa. Aliweka mkono wake juu ya ule wa Ngina na kukiinua kidole gumba, taratibu, mpaka kitufe kikaachia.

Kwanza palikuwa na pumzi tu. Kisha sauti kavu ya mwanamume ikaingia chumbani.

"Ngina," ilisema. "Niliwaambia niko wapi."